Maswali ya Wasomaji: Udongo wa Mgongoni, Ubavuni na Bondeni

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwenye maeneo ya misitu ya mvua: Usambara Mashariki, Uluguru, chini ya Udzungwa, na moja imetufikia kutoka Kisangani. Tumezifupisha bila kugusa maana yake.

Wataalamu, shikamooni. Nina ekari mbili na nusu Amani, Muheza. Shamba linaanzia mgongoni mwa kilima na kushuka hadi kijitoni. Juu udongo ni mwekundu, katikati una kokoto na unakauka upesi, chini kidogo ni mweusi, na pale kijitoni ni wa kijivu. Jirani ananicheka kwamba nimeuziwa mashamba manne kwa bei ya moja. Inakuwaje wakati mvua ni ileile na mwamba ni uleule? (Msomaji, Amani)

Marahaba. Jirani yako hajakosea sana. Mvua ni ileile ikiwa angani. Ikishagusa ardhi, kila sehemu ya kilima inaipokea kivyake.

Mgongoni, palipo karibu na tambarare, maji huzama wima. Kwa maelfu ya miaka yamekuwa yakiyeyusha kalsiamu, magnesiamu na potasiamu na kuzipeleka chini, hata silika, madini kama ya mchanga, nayo ikaondoka. Kilichosalia ni mfinyanzi aina ya kaolini, usio na nguvu ya kushika virutubisho, pamoja na oksidi za chuma na aluminiamu. Kwa kuwa pale mmomonyoko ni mdogo, udongo umezeekea mahali pake, na unaweza kuchimba mita kadhaa bila kukuta jiwe gumu. Wekundu wake unatokana na hematiti, aina ya oksidi ya chuma, ishara kwamba hewa inapita na maji hayatuami. Ukiona unaelekea kwenye manjano, ujue pana unyevu zaidi.

Ubavuni maji hukimbia juu ya ardhi na mengine hupita upande upande ndani yake. Tabaka la juu huondoka kila mwaka, kwa hiyo mwamba uko karibu na kokoto zinajitokeza. Wengi huudharau udongo huu, nasi tunadhani wanauonea. Kokoto za mwamba ambao haujaoza sawasawa bado zina madini yanayoachia potasiamu polepole, kitu ambacho udongo wa mgongoni umekwisha kukipoteza. Kasoro yake ni kina kifupi na uhaba wa maji.

Mguuni mwa kilima ndipo kilichotoka juu kinapotua. Udongo huwa wa kina, mweusi, unaomeguka vizuri mkononi. Ukichimba sentimita 60 hadi 80 unaweza kukuta tabaka jingine jeusi lililofukiwa: huo ulikuwa uso wa zamani wa shamba kabla udongo wa juu haujaufunika.

Bondeni maji yamejaa karibu na uso na hewa haipo. Vijidudu vinavyooza majani, vikikosa oksijeni ya hewa, huichukua kutoka kwenye oksidi za chuma. Chuma huyeyuka na kuhama, rangi nyekundu hupotea, kijivu hubaki. Tazama vitundu vya mizizi ya zamani: vimezungukwa na madoa ya kutu, kwa sababu hapo hewa kidogo ilipenya.

Mfuatano huu uliandikwa kitaalamu hapohapo Amani. Geoffrey Milne, mkemia wa udongo katika kituo cha utafiti wa kilimo, ndiye aliyeupendekeza mwaka 1935 uwe msingi wa kuchora ramani za udongo za Afrika Mashariki. Aliuita katena, na leo unafundishwa vyuoni duniani kote.

Kwa shamba lako: mgongoni weka mimea inayovumilia tindikali, kama chai na mdalasini. Ubavuni weka miti na pilipili manga inayopanda juu yake, na mistari ya majani ya Guatemala kukata mbio za maji. Mguuni ndipo pa migomba, maharage na mboga. Kijitoni usilime. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji, na hata bila sheria, eneo hilo ndilo linalonasa udongo wako usiende kwa watu wa chini.

Tulipunguza msitu tukapanda iliki. Miaka ya mwanzo ilizaa sana, sasa inazidi kupungua. Msitu ule ulikuwa na miti mikubwa kiasi cha kuzungukwa na watu kadhaa. Rutuba imekwenda wapi? (Msomaji, Tarafa ya Amani)

Rutuba hiyo sehemu kubwa haikuwa kwenye udongo. Ilikuwa kwenye miti yenyewe, kwenye majani yaliyoanguka, na katika sentimita chache za juu ambako mizizi imesukana kama mkeka na kunyonya kila kinachooza kabla mvua haijakipeleka chini. Ukifyeka, jua hupiga ardhi, mboji huoza haraka kuliko inavyoongezeka, na mvua ya karibu milimita 1,900 kwa mwaka inamalizia.

Hili si jipya Usambara. Mwishoni mwa karne ya 19 walowezi wa Kijerumani walifyeka misitu hiyo wakapanda kahawa, wakiamini kwamba penye msitu mkubwa pana udongo mkubwa. Haukupita muda mrefu mashamba yakadorora.

Jambo la pili ni tindikali. Kwenye miinuko ya Amani pH ya udongo (kipimo cha tindikali: ikiwa ndogo, tindikali ni kali) mara nyingi iko kati ya 4 na 5, na ndani ya msitu pengine chini ya 4. Ikiwa chini ya 5, aluminiamu huyeyuka na kudumaza mizizi: ncha huwa nene, fupi, za kahawia, bila vijizizi vya pembeni. Ng'oa mche mmoja uuangalie. Na fosforasi unayoweka hunaswa na oksidi za chuma na aluminiamu kabla mmea haujaipata.

Cha kufanya: acha kufagia majani chini ya iliki, hiyo ndiyo mbolea yako. Rudisha miti ya kivuli. Pale unapobadilisha kwenda mahindi au maharage, weka chokaa ya kilimo kilo 400 hadi 800 kwa ekari, uichanganye hadi sentimita 15 au 20, mwezi mmoja au miwili kabla ya kupanda. Kwa fosforasi, mbolea ya Minjingu, iliyo mwamba wa fosfati uliosagwa, karibu kilo 100 kwa ekari, inafaa udongo wa aina hii kwa sababu tindikali ndiyo inayoiyeyusha. Ndiyo maana hutakiwi kuiweka pamoja na chokaa kwenye shimo moja: chokaa inaiua tindikali, na mbolea inabaki unga tu. Na kama jirani analima chai, chokaa yako isifike kwake.

Kwa nini Amani na Bulwa kuna chai, lakini ukishuka Longuza unakuta misaji tu? Ni mipango ya serikali au ardhi? (Mwanafunzi, Tanga)

Vyote viwili, ila ardhi ilitangulia. Juu, karibu mita 900 kutoka usawa wa bahari, kuna mvua nyingi, baridi kidogo na udongo uliooshwa hadi ukawa na tindikali. Chai inaipenda hali hiyo. Hufanya vizuri kwenye pH ya 4.5 hadi 5.5. Chini, joto ni kali zaidi, mvua inapungua, na miteremko ya chini hupokea kalsiamu na magnesiamu iliyooshwa kutoka juu. Msaji unataka joto na kalsiamu na hauvumilii tindikali kali wala maji yaliyotuama. Joto hupungua takriban nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 unazopanda, kwa hiyo mboji nayo huoza taratibu zaidi kadiri unavyokwenda juu. Ndiyo maana kwenye vilele virefu, kama vya Uluguru juu ya mita 2,000, unakuta tabaka nene jeusi la majani yaliyooza nusu.

Afisa ugani anatushauri tuchimbe matuta ya benchi, yale ya ngazi pana tambarare. Wazee wanasema babu zao walilazimishwa wakati wa mkoloni na mazao yakashuka. Nani tumsikilize? (Kikundi cha wakulima, Matombo, Morogoro)

Wasikilizeni wote wawili, kisha mpime kina cha udongo.

Wazee hawajazusha. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru, ikalazimisha matuta ya benchi. Mwaka 1955 watu waliukataa hadharani, pale kwenu Matombo, na mpango ukaachwa. Kazi ya shuruti ilikuwa sababu mojawapo, lakini ipo ya udongo: sehemu nyingi za ubavuni zina udongo mwepesi, na benchi zilileta juu udongo wa chini usio na rutuba.

Hesabu yenyewe ni hii. Chukueni ubao ulionyooka wa mita 2. Upande mmoja ukae ardhini upande wa juu, mwingine uinueni mpaka pimamaji ioneshe sawa, kisha pimeni wima kutoka ncha ya ubao hadi ardhini. Sentimita 40 ni mteremko wa asilimia 20. Sentimita 80 ni asilimia 40. Benchi ya upana wa mita 3 kwenye mteremko wa asilimia 40 ina tofauti ya kimo ya mita 1.2. Nusu hukatwa na nusu hujazwa, kwa hiyo nyuma ya benchi mnakata sentimita 60. Kama udongo mweusi ni sentimita 25 na chini yake ni mwekundu mgumu au kokoto, theluthi ya nyuma ya kila benchi itakuwa na mahindi ya manjano kwa miaka mingi.

Chimbeni mashimo matatu: juu, kati na chini ya shamba. Mkikuta mita 1 au zaidi ya udongo unaochimbika bila mwamba, benchi inawezekana, kwa sharti moja ambalo huachwa kwa haraka ya kumaliza kazi: udongo wa juu, sentimita 20 hadi 25, utolewe kwanza uwekwe kando, benchi ikatwe, kisha udongo uleule urudishwe juu. Wekeni samadi, na mwaka wa kwanza pandeni jamii ya kunde.

Kama kina hakifiki, tumieni njia iitwayo “fanya juu”. Pimeni mstari wa kontua, yaani wa kimo kimoja, kwa fremu ya mbao yenye umbo la A, chimbeni mtaro wa sentimita 60 upana na 60 kina, tupeni udongo upande wa juu, acheni ukingo wa sentimita 15 hadi 30 kati ya mtaro na tuta ili udongo usirudi, na pandeni matete au Guatemala juu ya tuta. Kwenye mteremko wa asilimia 20 umbali kati ya mitaro uwe kama mita 10. Kwenye asilimia 35, karibu mita 9. Ngazi inajijenga yenyewe kadiri udongo unavyotua nyuma ya tuta, bila kuufukua ule wa chini.

Na msizitupe ngazi nyembamba za Waluguru, zile za kufukia magugu na majani chini ya udongo unaovutwa kwa jembe. Zinavunjika kirahisi kwenye mvua kubwa, ni kweli, lakini mboji inabaki palepale penye mizizi, na udongo wa chini hauguswi. Kwa mboga na maharage kwenye udongo mwepesi, sisi tungeanza na hizo.

Je, mitaro hiyo ya kuzamisha maji haiwezi kusababisha maporomoko? (Msomaji, Mgeta)

Inaweza, ikichimbwa mahali pasipofaa. Tazama umbo la mteremko. Palipobenuka maji hutawanyika. Palipobonyea maji hukusanyika, udongo hulowa hadi kwenye mwamba, na juu ya mwamba huo ndipo unapoteleza. Usichimbe mtaro wa kuzamisha maji juu ya sehemu iliyobonyea. Hapo mtaro uwe na mwinamo mdogo wa kuyapeleka maji pembeni, na sehemu yenyewe uipande miti.

Mgeta mnayo kumbukumbu yake. Februari 1970 mvua ya takriban milimita 100 ndani ya saa tatu ilileta maporomoko kwa mamia, na karibu yote yalitokea mashambani na kwenye majani. Penye miti yalikuwa machache mno. Dalili za mapema ni nyufa za mviringo upande wa juu wa shamba, chemchemi mpya mahali palipokuwa pakavu, na miti iliyopinda shinani kisha ikanyooka. Miti iliyopinda ina maana udongo unatambaa polepole. Nyufa mpya ni jambo la kuhama usiku huohuo mvua ikinyesha.

Mpunga wangu uko kwenye majaruba chini ya mlima, Mang'ula. Wiki tatu baada ya kupandikiza, majani ya chini yanaota madoa madogo ya kahawia kuanzia nchani, kisha jani zima linakuwa rangi ya chungwa. Nimepiga dawa ya ukungu mara mbili bila mafanikio. Majaruba ya mbali na mlima hayana shida. (Msomaji, Kilombero)

Hicho kipengele cha mwisho ndicho jibu. Ugonjwa wa ukungu haufuati mguu wa mlima, chuma kinaufuata. Acha dawa.

Maji ya mvua yanayopita ndani ya udongo mwekundu wa mlimani huibukia pale mteremko unapokutana na bonde. Yanakuja na tindikali na chuma kilichoyeyuka, na jaruba lililofurika nalo linayeyusha chuma chake kwa kukosa hewa. Mpunga unakunywa vyote. Hakikisha kwa mambo mawili. Kwanza, ng'oa shina: mizizi yenye afya ni myeupe kwenye ncha, yako itakuwa michache, migumu, imepakwa kutu au imekuwa myeusi. Pili, tazama utando unaong'aa kama mafuta juu ya maji kwenye kona za jaruba. Uguse kwa kijiti. Ukivunjika vipande vipande visivyorudi kuungana, ni chuma. Mafuta ya kweli hujiunga tena.

Msimu huu fungua maji yatoke, jaruba likauke siku 7 hadi 10 hadi nyufa nyembamba zionekane, kisha rudisha maji. Weka potasiamu, maana mmea wenye upungufu wa potasiamu huumia zaidi.

Msimu ujao chimba mtaro wa kukinga maji pale hasa mlima unapoishia, kabla ya jaruba la kwanza, kina sentimita 50 hadi 60, wenye kushuka kama sentimita 50 kwa kila mita 100, upeleke maji hayo mtoni. Usifukie majani mabichi au samadi mbichi muda mfupi kabla ya kufurisha: yakioza majini huongeza kuyeyuka kwa chuma. Furisha jaruba wiki mbili au tatu kabla ya kupandikiza, ili kilele cha chuma kipite mche ukiwa bado kitaluni. Na badala ya salfeti ya amonia tumia urea. Wakulima wengi hupata nafuu kubwa kwa mtaro peke yake.

Huku kwetu, njia ya Kisangani kwenda Yangambi, hakuna milima. Lakini juu ya plato udongo unashikamana, ukishuka kuelekea mto unakuwa mchanga. Na watu wanasema mbele kwenye mabwawa kuna tope jeusi lisilo na mwisho. Ni mambo mamoja? (Msomaji, Kisangani)

Chanzo ni kimoja, maji, ila matokeo ni mawili. Huhitaji mlima, mwinuko wa makumi machache ya mita unatosha. Mvua ikipiga mteremko hubeba kwanza chembe za mfinyanzi, zilizo nyepesi, na mchanga unabaki. Kwa hiyo weka mihogo kwenye mchanga, na mahindi na migomba karibu na plato, na huko kwenye mchanga usichome majani: majivu yatakupa msimu mmoja tu.

Tope jeusi ni tokeo la pili. Kwenye bonde la kati la Kongo ardhi ni tambarare kiasi kwamba maji hayana pa kukimbilia, na majani yanayoanguka hayaozi kabisa. Utafiti uliotangazwa mwaka 2017 ulikadiria eneo la tope hilo kuwa kilomita za mraba 145,500, likihifadhi karibu tani bilioni 30 za kaboni. Ukitoa maji kwa mifereji, tope hilo hunywea, huoza na kushuka, na baada ya miaka shamba linakuwa chini ya kiwango cha mto.

Nataka kupeleka udongo kituo cha utafiti cha Mlingano ukapimwe. Niuchukue vipi kwenye shamba la mteremko? (Msomaji, Muheza)

Kosa la kawaida ni kuchanganya wa juu na wa chini kwenye ndoo moja. Utapata wastani wa udongo usiokuwepo popote shambani kwako.

Gawa shamba kwanza: mgongoni, ubavuni, mguuni, bondeni. Kama ubavu una sehemu iliyobenuka na iliyobonyea, hizo ni mbili. Kila sehemu iwe na ndoo yake. Tembea kwa kupindapinda, chukua mahali 10 hadi 15, kina cha sentimita 0 hadi 20, baada ya kuondoa majani ya juu. Kwa mazao ya kudumu chukua pia sentimita 20 hadi 50 kwenye ndoo nyingine. Epuka karibu na kichuguu, njia, zizi, na mahali palipochomwa majani. Tumia ndoo ya plastiki, si ya bati lenye kutu. Changanya, toa nusu kilo, anika kivulini bila jua wala moto, weka kwenye mfuko safi.

Kwenye karatasi andika kwa penseli, maana wino hutoka ukilowa: sehemu ya mteremko, asilimia ya mwinamo, kina, rangi ukiwa na unyevu, zao lililopo na mbolea iliyowekwa mwaka jana. Omba wapime pH, aluminiamu inayobadilishana (ile inayodhuru mizizi), fosforasi, potasiamu, kalsiamu, magnesiamu na kaboni. Kama fedha inatosha sampuli mbili tu, peleka ya mgongoni na ya mguuni.